Siku Ishirini na Moja za Kibali cha Moresby

Siku aliyozikwa Moresby Quintal, Alma alipewa habari njema kando ya kaburi, naye akaichukia kuliko habari mbaya zote alizowahi kuletewa.

Aliyempa ni Darren, mtoto wa kaka yake, yule anayekaa kaunta ya ofisi ya umeme. Wanaume walikuwa wanapokezana majembe, maana kwetu maiti hafukiwi na watu wa kulipwa, na upepo wa kusini ulikuwa unapiga makaburini moja kwa moja kutoka baharini. Darren alipomaliza zamu yake alikuja kusimama ubavuni mwa shangazi yake, akajipangusa udongo viganjani, kisha akamwinamia sikioni kama mtu anayetoa pole.

"Shangazi, sasa ninyi ndio wa kwanza."

"Wa kwanza wapi?"

"Kwenye orodha. Kibali cha sola cha Mjomba Moresby kiko kwa jina lake, si la nyumba. Mjane asipofika kukidai ndani ya siku ishirini na moja, kinakufa, nanyi mnaunganishwa." Akakohoa kidogo. "Barua ataandikiwa yeye. Mimi sijakwambia kitu."

Alma akamwambia anyamaze, watu wanaimba. Naye akaimba, sauti ya pili kama kawaida yake, ila maneno ya wimbo hakuyasikia. Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini hawakusema mtu afanye nini akiambiwa hivyo na marehemu hajafukiwa hata nusu. Na mfukoni mwa koti lake kulikuwa na ufunguo wa sanduku la posta la Moresby huyo huyo. Alikuwa amekabidhiwa asubuhi ile na mjane mwenyewe, Verna.

Hiyo ni desturi yetu. Nyumba ikifiwa haiachiwi kazi. Mmoja huchukua ng'ombe, mwingine mikate, mwingine kufua, na mtu mmoja hupewa ufunguo wa posta, kwa sababu hapa kisiwani Norfolk hakuna wa kukuletea barua mlangoni. Kila nyumba ina kisanduku chake mjini, na asiyekwenda hapati. Verna aliutoa ufunguo mbele ya wanawake wote waliojaa jikoni kwake wakifunga mashada ya maua. Angeweza kumpa yeyote kati yao. Akampa Alma, waliyeishi naye ua kwa ua miaka arobaini.

Sasa, kabla hujamhukumu Alma, ngoja kwanza ujue alikuwa na nini ndani ya nyumba. Mumewe Selwyn kisiwa kizima kinamwita Kokoto, na hata kwenye kitabu cha simu ameandikwa Kokoto, kwa kuwa miaka thelathini alisimama kwenye mashine ya kusaga mawe ya barabara. Mawe yalisagika, na vumbi lote likaingia kifuani mwake likakaa. Sasa anaishi kwa mashine nyingine, ya oksijeni, inayonguruma sebuleni usiku na mchana, na mpira mwembamba umemwingia puani. Mashine hiyo inakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani, haipumziki.

Na umeme wetu ni wa jenereta za dizeli. Kipindi kile cha baridi jenereta moja kubwa ilikuwa imekufa, inangoja kipuri kutoka ng'ambo, kwa hiyo umeme ulikuwa unakatika wakati wowote bila hata kupiga hodi. Ukikatika, mashine ya Selwyn inapiga king'ora, na Alma, mwanamke wa miaka sabini na mbili, anakimbia kufungua mtungi wa akiba. Mtungi mmoja ni saa mbili, kama Selwyn atakaa kimya, asicheke wala asigombe. Mitungi inakuja kwa meli, na meli haina pa kutia nanga hapa. Inasimama mbali, mizigo inashushwa kwa mashua bahari ikipenda. Isipopenda, mnatazamana.

Selwyn hakuwa mjinga. Aliagiza paneli za sola kumi na mbili na betri zake. Meli ikafika kwa wakati, ikasimama siku kumi na moja huku mawimbi yakikataa mashua kutoka, na ndani ya siku hizo kumi na moja ofisi ikatangaza kwamba vibali vimefungwa, anayetaka aandikwe kwenye orodha ya kungoja. Sababu? Jua limezidi. Ndiyo, jua. Mainjinia wa bara walikuja na vitabu vyao wakasema saa za mchana mapaa yetu yanamwaga umeme mwingi kuliko nyaya zinavyoweza kuubeba, kwa hiyo hakuna wa kuingia mpaka mwingine atoke. Mwaka mmoja tunaambiwa tutumie jua tuokoe dunia, mwaka wa pili tunaambiwa tumelitumia vibaya. Mtu ashike lipi?

Paneli zikapandishwa juu ya paa hata hivyo, kwani hapakuwa na sheria ya kukataza kuzipandisha. Siku ya pili akaja mkaguzi, kijana mpole kabisa, akaifunga swichi kwa waya na muhuri wa madini ya risasi. Ukiukata muhuri, nyumba inakatwa kwenye nyaya moja kwa moja. Selwyn akauliza, je, nikijitoa mwenyewe nikaishi kwa paa langu tu? Akajibiwa kwamba lazima apate cheti cha mtaalamu wa bara, ambaye huja mara moja kwa mwaka na alikuwa ameondoka mwezi uliopita. Tena lazima daktari aandike kwamba mgonjwa wa oksijeni anaweza kutegemea paa lake peke yake. Daktari alisoma hiyo fomu mpaka mwisho, akaiweka kalamu mezani.

Basi paneli kumi na mbili zikabaki juu kukaushia ndege mavi yao. Ng'ambo ya ua, Moresby alikuwa na zake za zamani alizozipandisha mwenyewe, na betri kwenye banda. Umeme ukikatika njia nzima, mashine ya kufulia ya Verna inaendelea kuzunguka. Alma ameshasimama mara ngapi na spana ya mtungi mkononi, jasho linamtoka, huku akisikiliza nguo za watu zinafuliwa. Wivu ni ugonjwa, naye alikuwa nao, na alijua kwamba anao.

Siku ya nne tangu kifo, Alma akaenda posta. Kisanduku kilikuwa kimejaa kadi za rambirambi. Katikati ya kadi palikuwa na bahasha ndefu ya ofisi ya umeme, nyembamba, yenye muhuri wa jana yake. Hakuwa na haja ya kuifungua. Aliishika pale pale posta kwa muda, watu wanapita wanamsalimu, naye anaitikia. Alipofika kwa Verna alizitoa kadi zote akazipanga mezani, wakazisoma pamoja, yaani Alma alizisoma, maana miwani ya Verna ilikanyagwa siku ya mazishi na mpya iliagizwa bara. Walilia kidogo, wakanywa chai. Bahasha ndefu ilibaki ndani ya mkoba.

Alijiambia kwamba mfiwa hasumbuliwi kwa karatasi za serikali kabla maua ya kaburini hayajakauka. Hilo ni kweli, ni desturi, muulize yeyote. Desturi ni nguo pana, inaweza kufunika mengi. Alipofika nyumbani akaisimamisha barua nyuma ya saa ya ukutani, akaenda kumenya viazi vitamu.

Siku ya sita maua yalikuwa yamekauka. Alma aliyaona mwenyewe, alipokwenda kuyamwagia maji yasiyosaidia kitu.

Siku ya tisa umeme ulikatika saa nne asubuhi. King'ora kikalia, Alma akakimbia, akafungua mtungi, akamvalisha Selwyn mpira, akaketi mbele yake kutazama sindano ya geji. Saa moja ikapita. Saa moja na nusu. Midomo ya Selwyn ilikuwa inaanza kupata ile rangi, na Alma akapiga simu hospitali. Muuguzi akamwambia kwa huruma kwamba mitungi iliyobaki kisiwani ni minne kwa wagonjwa wote, meli iko nje pale inaonekana, lakini mashua hazitoki. Alma akatoka hadi barazani, na kweli aliiona meli, imesimama imejaa kila kitu, na bahari nyeupe katikati. Umeme ulirudi zikiwa zimebaki dakika tano za sindano. Akaketi kwenye ngazi na kushika nguzo. Alipoingia ndani macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye saa, na si kuangalia saa ngapi.

Tangu siku hiyo alikuwa na hesabu mbili kichwani, siku za barua na sindano ya mtungi. Usingizi ukampaa. Akiona gari la Darren anajificha nyuma ya kabati. Akienda kwa Verna anaongea sana, mwenyewe anajisikia anavyoongea sana, habari za ng'ombe, habari za mvua, ili pasipatikane nafasi ya swali. Kila mara Verna anamshukuru kwa kumletea barua zake.

Siku ya ishirini, alasiri, Verna akaja mwenyewe. Alipitia kwenye kijilango cha ua, amebeba sahani ya pilhi, zile ndizi zetu za kuponda na kuoka, bado ya moto, imefunikwa kitambaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyumbani kwake tangu mazishi, na kwetu anayetembelewa kwanza na mfiwa anahesabiwa ndugu. Akamsalimu Selwyn, akaketi, akaikunja mikono yake juu ya meza.

Akasema watu wamekuwa wema sana, kadi zimefika hadi za Auckland, lakini kuna jambo linamshangaza. Moresby alikuwa mtu wa karatasi, kila mwezi akigombana na ofisi moja au nyingine. Tangu afe, hakuna hata ofisi moja iliyomwandikia mkewe. Kama vile hakuwahi kuwepo.

"Hakuna barua nyingine, Alma?"

"Hakuna," Alma akasema. "Zote nimekuletea."

Neno lilitoka laini kabisa. Verna akaitikia kwa kichwa, akaimaliza chai yake, akarudi kwake kupitia kijilango kile kile. Alma akabaki amesimama katikati ya sebule na ile pilhi, hajui aiweke wapi.

Mashine ilikuwa inanguruma. Selwyn akamtazama mkewe kwa muda mrefu, akavuta pumzi yake moja, akasema pole pole, kwa sababu yeye sasa husema kila kitu pole pole.

"Nimeiona, Alma. Iko nyuma ya saa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoiweka."

"Mbona hukusema?"

Selwyn akageuza uso dirishani. "Kwa sababu napenda kupumua."

Alma alikuwa anangoja kukemewa. Angekemewa angejitetea, angeleta habari ya desturi na maua na muuguzi na mitungi minne. Lakini neno lile halikumwachia pa kusimama. Mume wake, ambaye hajawahi kuchukua hata ndoano ya mtu, alikuwa amekaa siku kumi na sita akitazama saa ukutani na kunyamaza, na yeye ndiye aliyemfikisha hapo. Akaona aibu ya watu wawili imemwangukia mtu mmoja. Akaiweka sahani chini, akachukua barua nyuma ya saa, akavuka ua.

Alimkuta Verna anavua viatu. Akaweka ufunguo wa posta mezani, kisha bahasha pembeni yake. "Hii ni yako," akasema.

Verna akaigeuza bahasha, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali. "Sioni kitu bila miwani. Nisomee. Kuanzia juu."

Na juu, kama ilivyo kwa kila barua ya ofisi, ndipo palipokuwa na tarehe. Alma akafungua bahasha, akakunjua karatasi, akafungua kinywa. Angeweza kuiruka. Nani angejua? Akaisoma tarehe.

Verna akaanza kuhesabu kwa vidole, hana haraka, midomo inacheza. Akafika mwisho wa mkono wa pili, akarudi kwenye wa kwanza.

"Siku kumi na saba," akasema.

"Kumi na sita kwangu. Moja ilikuwa njiani."

"Endelea."

Alma akaendelea. Akasoma kwamba kibali cha marehemu kinaisha siku ya ishirini na moja tangu kifo, kwamba mrithi lazima afike kaunta mwenyewe kutia saini, simu haikubaliki, mwakilishi haruhusiwi, na kwamba asipofika mitambo itafungwa muhuri na nafasi atapewa mwombaji aliye wa kwanza kwenye orodha.

"Naye ni nani?"

"Ni Selwyn."

"Wamemwandika hapo?"

"Hapana, hawakumwandika. Lakini ni Selwyn."

Friji za Verna zilikuwa zinanguruma, zile mbili kubwa zenye nyama ya mwaka mzima. Alma alingoja tusi, alilitamani. Verna akauliza tu ofisi inafunguliwa saa ngapi. Saa tatu, Alma akasema. Basi saa mbili na nusu nitakuwa langoni, akasema Verna, mimi siendeshi gari, unajua. Ufunguo wa posta akauacha pale pale ulipowekwa. Hakuugusa, wala hakumwambia Alma auchukue.

Asubuhi walikwenda. Barabara yetu ni ile, kila gari unalopishana nalo unalipungia mkono, na siku ile ilikuwa kama kisiwa kizima kimeamua kwenda mjini. Alma akapunga na kupunga. Watu walifurahi kumwona mjane ametoka, tena na jirani yake mwema. Kila mkono uliopunga ulimpiga Alma kofi. Kwenye mteremko ng'ombe walikuwa wamelala katikati ya njia, wakasimama kuwangoja, na hapo ndipo Verna aliposema neno lake la kwanza tangu alipopanda.

"Nguo zake nimeshagawa. Gari lake mwanangu atalichukua. Ile mitambo aliipandisha kwa mikono yake, mimi nikimshikia ngazi. Ndicho kitu chake kimoja ambacho bado kinafanya kazi."

Alma akasema anaelewa. Verna akasema hapana, huelewi, wewe wako bado yuko. Ng'ombe wakaondoka.

Darren alipowaona wawili hao wakiingia pamoja, uso wake ulibadilika, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Akaleta fomu. Verna akaonyeshwa pa kutia saini, akatia, sehemu nne. Wakati fomu inagongwa mihuri akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, kama anaruhusiwa kuvuta waya kutoka bandani kwake hadi sebuleni kwa Kokoto. Ni hatua arobaini tu.

Alma akamgeukia.

Darren naye, maskini, akafungua kitabu cha kanuni akakigeuza ili waone wenyewe. Umeme hauruhusiwi kuvuka mpaka wa kiwanja. Atakayeupitisha anapoteza kibali, na atakayeupokea anaondolewa kwenye orodha. "Hata waya wa taa ya Krismasi, Shangazi. Mwaka jana walimfungia mtu kwa hilo."

"Hata kwa mgonjwa?"

"Mgonjwa hajaandikwa humu."

Verna akasema ahsante. Wakarudi nyumbani, Alma akipunga mkono peke yake. Langoni Verna alishuka, akaufunga mlango wa gari taratibu, akaenda zake. Na hapo Alma akajua amepoteza vyote kwa mpigo, kibali na jirani. Kibali hakikuwa chake kukipoteza, hilo alilijua. Lakini jirani alikuwa wake. Alimweleza Selwyn kila kitu, naye Selwyn akampapasa mkono, akafumba macho. Siku iliyofuata bahari ilichafuka zaidi. Meli ilikuwa bado iko pale, na mtungi wa akiba, ule mmoja waliopewa na hospitali baada ya siku ya tisa, ulikuwa umebaki robo.

Siku ya ishirini na tatu, saa sita mchana, umeme ukakatika.

Alma alikuwa anasuka kikapu. Alisikia king'ora kabla hajajua kuwa amesimama. Akafungua mtungi, sindano ikapanda kidogo na kulala karibu na chini. Robo ya mtungi ni nusu saa. Akapiga simu hospitali, simu ikaita, ikaita. Alipoipiga tena wakapokea: gari la wagonjwa limekwenda upande wa pili wa kisiwa, litakuja, amweke mgonjwa atulie. Atulie! Selwyn alikuwa ametulia tangu mwaka jana. Juu ya paa jua la saa sita lilikuwa linazipiga paneli kumi na mbili, na chini yake swichi na kile kirisasi chake kidogo, na Alma akachukua koleo. Akasimama mbele ya swichi na koleo mkononi. Akikata, watapata umeme leo, na kesho ofisi itaikata nyumba isiwe na nyaya kabisa, na betri zile peke yake zisiweze mvua ya siku tatu. Akalifungua koleo, likashika waya.

"Weka hicho chini."

Ni Verna, kwenye kijilango cha ua, ana aproni yenye unga.

"Sindano imefika wapi?"

"Dakika ishirini. Pengine pungufu."

"Basi unangoja nini? Mlete."

Alma hakuelewa. Akasema waya umekatazwa, Darren amewaonyesha wenyewe kwenye kitabu, atapoteza kibali chake.

"Darren kasema umeme usivuke ua," Verna akasema. "Mtu hakumtaja."

Wakamwinua Selwyn, mmoja huku, mmoja kule, mtungi ukiburutwa kwenye kigari chake. Hatua arobaini. Kwa mtu mzima ni kuvuka tu kwenda kuomba chumvi. Walipumzika mara tano. Kwenye kijilango gurudumu la kigari likakwama kwenye mzizi wa msonobari, Selwyn akaanza kukohoa, midomo ikapata ile rangi, na Alma akawa anasema bado kidogo, bado kidogo, hajui anamwambia nani. Verna akauinua mtungi mzima mikononi, mwanamke wa miaka sabini na nane, akapita nao. Walimketisha kwenye kiti cha Moresby karibu na dirisha. Kiti kilikuwa kimeshageuzwa kuelekea ukutani penye soketi. Alma akarudi mbio kuchukua mashine, akaja nayo kifuani kama mtoto, wakaichomeka, ikanguruma.

Kifua cha Selwyn kilipanda na kushuka, kwanza kwa taabu, kisha kwa ile taabu yake ya kawaida. Rangi ikarudi. Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka chumba cha pili, na Alma akajikuta ameketi sakafuni, amejifunika uso kwa viganja, analia kwa sauti mbaya.

Verna akamwacha alie. Alipomaliza akamwambia kwamba Kokoto atakuwa anakaa hapo mchana kutwa mpaka jenereta ipone, na usiku pia hali ikiwa mbaya, kitanda kipo. Akasema hajafanya hivyo kwa sababu amesahau. Hajasahau. Siku kumi na sita ni nyingi, na Alma alikuwa anakuja kuketi mezani kwake siku hizo zote. Alma akasema ndiyo.

Kisha Verna akaenda mezani. Ufunguo wa posta ulikuwa bado uko pale ulipowekwa siku ile, sahani zimepangwa kuuzunguka. Akauokota, akaja kuuweka kwenye kiganja cha Alma, akakikunja.

"Nenda kaniletee barua zangu," akasema. "Miwani bado haijafika. Ukirudi utanisomea, kuanzia juu."

Alma akanyanyuka, akamtazama Selwyn mara moja, akaenda kutafuta funguo za gari.